Nani ana haki ya kufunga hitilafu? Kutoka nondo wa 1947 hadi pampu za Kyuso

Nimepotea kwa wiki kadhaa, mniwie radhi. Nilikuwa nyumbani Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, mwendo mrefu wa matatu kutoka Mwingi ukipitia Kyuso. Wengi nje ya Ukambani wanaijua Tseikuru kwa sababu moja tu, kwamba ndiko alikozaliwa Kalonzo Musyoka. Sisi wenyeji tunaijua kwa jua kali, asali, mbuzi na ndengu. Na ni hizo ndengu zilizonifanya leo niandike habari za programu za kufuatilia hitilafu. Msishangae, mtaona.

Mwaka juzi niliandika programu ndogo kwa kikundi kimoja cha wakulima. Karani anapima gunia, anaandika kilo kwenye simu yake, na mkulima anapokea ujumbe mfupi unaomwambia kilo ngapi na shilingi ngapi. Basi. Januari, msimu wa kuvuna, mama mmoja mzee akanisimamisha sokoni akaniambia kwamba programu yangu inakula ndengu zake. Nikamjibu kwa heshima, "Mwaitu, nitaangalia." (Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.) Nikaenda nyumbani, nikafungua kompyuta, nikaingiza 88.7, programu ikaonyesha 88.7. Nikafunga kompyuta, nikalala.

Wiki iliyofuata karani akanipigia simu kuhusu mkulima mwingine. Nikamwambia kwangu inafanya kazi. Mara ya tatu mama yule yule alikuja nyumbani kwetu na daftari lake. Alikuwa ameandika kila gunia jinsi mizani ilivyosema, na pembeni jinsi ujumbe ulivyosema. Magunia 6. Mizani 88.7, ujumbe 88. Mizani 87.5, ujumbe 87. Hivyo hivyo hadi mwisho. Jumla alikuwa amepunjwa kilo 3.9, na kwa bei tuliyokuwa tukilipa msimu ule, shilingi 80 kwa kilo, hiyo ni shilingi 312. Kwa mwenye mshahara hicho ni kitu kidogo. Kwake yeye hiyo ni sukari na sabuni ya wiki kadhaa.

Kilichotokea ni upuuzi mtupu. Karani mpya alikuwa na mazoea ya kuandika koma badala ya nukta: 88,7. Programu yangu ilisoma namba mpaka ilipofika kwenye koma, ikadhani namba imeisha, ikatupa kilichobaki bila kulalamika. Mimi nilipojaribu niliandika nukta, kwa hiyo sikuona kitu. Kurekebisha kulinichukua dakika 10.

Lakini si koma iliyonitia aibu. Niliambiwa mara tatu na sikuandika popote, na mara mbili kati ya hizo niliamua mwenyewe, peke yangu, kwamba jambo limekwisha. Mtu mwenye digrii ya kompyuta alishindwa na mwenye kaunta buku la shilingi hamsini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya hizi programu, na vijana wawili wa huku wanaosomea kompyuta chuoni wamekuwa wakiniuliza maswali yale yale ambayo kila mtu huuliza: tuweke ipi? Uzito na kipaumbele vina tofauti gani? Tukipata ripoti mbili za jambo moja tufanyeje? Nani aruhusiwe kuona nini? Na lile kubwa, nani anafunga? Nimegundua kwamba kila swali kati ya haya lina mtu aliyeungua nalo zamani kabla yetu. Kwa hiyo nitajibu kwa historia.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Wengi wamesikia kwamba neno la kuziita hitilafu "wadudu" lilizaliwa 1947. Si kweli. Thomas Edison alilitumia kwa maana ya kasoro za mitambo katika barua yake ya 1878. Kilichotokea tarehe 9 Septemba 1947 ni kwamba mafundi wa kompyuta ya Mark II, Chuo Kikuu cha Harvard, walimkuta nondo halisi amenasa ndani ya rilei namba 70 ya paneli F. Grace Hopper, mmoja wa waanzilishi wa fani yetu, alikuwa akifanya kazi kwenye mradi huo, na ndiye aliyekisambaza kisa hiki kwa kukisimulia miaka mingi.

Watu hucheka habari ya nondo wakasahau jambo la maana zaidi. Wale mafundi walimbandika yule nondo kwa gundi ya karatasi kwenye daftari la kazi, wakaandika saa (15:45) na mahali pale alipokutwa. Daftari hilo lipo mpaka leo katika makumbusho ya Smithsonian kule Marekani. Tazama ripoti ile ina nini: lini, wapi, nini, na ushahidi umebandikwa pale pale. Mwaitu wa Tseikuru alifanya vivyo hivyo bila kufundishwa na mtu. Mimi sikufanya.

Kwa miongo mingi baada ya hapo hitilafu ziliishi kwenye madaftari, kwenye kadi na kwenye vichwa vya watu. Mambo yalibadilika pale programu ilipoanza kuandikwa na watu wasioonana. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wa Linux, ulikuwa na watu waliotawanyika nchi mbalimbali. Mwaka 1994 Ian Jackson akawaandikia mfumo wa kufuatilia hitilafu unaoendeshwa kwa barua pepe. Unatuma barua, unapewa namba, na kila neno linalosemwa juu ya hitilafu hiyo linahifadhiwa chini ya namba ile, wazi kwa kila mtu. Hakuna kujiandikisha wala neno la siri. Umeona kasoro, umeandika, basi.

Nataka tukae kidogo na Debian kwa sababu walijibu swali la kufunga kwa namna inayonipendeza. Mtunzaji wa programu akisharekebisha, hutuma barua kwenye anwani ya namba ile akitangaza kwamba kazi imekwisha. Mfumo nao unamtumia nakala yule aliyeripoti. Yaani huwezi kufunga kimya kimya. Aliyelalamika anaambiwa kwamba lalamiko lake limefungwa na kwa sababu gani, na asiporidhika anaweza kulifungua tena. Hilo moja tu lingeniokoa.

Ni Debian pia wanaonisaidia kueleza uzito. Wana ngazi 7, kuanzia hitilafu inayoharibu mfumo mzima hadi zile ambazo si kasoro hasa, ni matamanio ya mtumiaji tu. Ngazi 3 za juu zina nguvu ya pekee: kifurushi chenye hitilafu ya namna hiyo hakistahili kuingia kwenye toleo jipya. Sasa vijana wangu waliuliza, je, uzito si ndio kipaumbele? Hapana. Uzito unasema maumivu ni makubwa kiasi gani kwa anayeumia. Kipaumbele kinasema sisi tutashughulikia lini. Jina la kikundi likiandikwa vibaya juu ya ukurasa, uzito wake ni mdogo mno, lakini kama mfadhili anakuja kesho asubuhi, jamani, kipaumbele kimepanda mpaka darini! Na ile koma yangu ilikuwa na uzito mkubwa tangu siku ya kwanza, ila kwa sababu aliyeumia hakuwa mfadhili, kipaumbele nilikiweka sifuri. Ndiyo maana sehemu hizi mbili huwekwa mbali mbali kwenye fomu, ili uone kwa macho yako pale zinapopishana.

Mwaka 1998 kampuni ya Netscape ilifungua msimbo wa kivinjari chake kwa dunia nzima, na mradi wa Mozilla ukaanza. Terry Weissman akaandika Bugzilla, kwanza kwa lugha ya Tcl, kisha ikahamishiwa Perl ili watu wengi zaidi waweze kuchangia. Programu nyingi zilizofuata ni watoto au wajukuu wake, hata kwa jina. Jira ya Atlassian, iliyotoka 2002 kule Sydney, ilipata jina kutoka Gojira, ambalo ndilo jina la Kijapani la Godzilla, kwa kuwa wenyewe walikuwa wakitumia Bugzilla kabla. Mantis ilianzishwa 2000 na Kenzaburo Ito, imeandikwa kwa PHP, na mpaka leo inakaa vizuri hata kwenye seva ya bei ya chini kabisa. GitHub ilipokuja 2008, na sehemu yake ya tiketi mwaka uliofuata, wengi wetu tuliacha kuweka kitu chochote kwenye seva zetu wenyewe.

Kinachonivutia katika Bugzilla ni zile hali zake. Hitilafu iliyoletwa na mtu wa kawaida huanza ikiwa haijathibitishwa. Mwenye ruhusa akiiona ni ya kweli anaipandisha, au watu wa kutosha wakiipigia kura inapanda yenyewe, kama msimamizi ameruhusu hivyo. Na ikifungwa lazima useme kwa nini: imerekebishwa, si hitilafu, haitarekebishwa, ni nakala ya nyingine, au (shikeni viti vyenu) kwangu inafanya kazi. Naam! Jibu nililompa karani kwenye simu lilikuwa limepewa kisanduku chake rasmi. Nilipolisoma nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Tofauti ni kwamba kwenye Bugzilla jibu hilo linabaki pale, na jina lako, na tarehe, na kesho mtu mwingine anaweza kuja na kusema kwangu haifanyi, tazama koma.

Kisha baada ya kurekebishwa kuna hatua nyingine, ya kuthibitishwa, na kwa desturi inafanywa na mtu tofauti na aliyerekebisha. Vikundi vidogo huiruka hatua hii kwa kuwa watu ni wachache. Naelewa. Lakini ukiiruka, umempa mwanafunzi asahihishe mtihani wake mwenyewe.

Kuhusu nakala sina mengi. Ripoti tatu za jambo moja si usumbufu. Zifunge mbili ukizielekeza kwenye ile moja, usizifute. Mimi nilikuwa na ripoti tatu kutoka watu wawili na sikujua ni jambo moja, kwa sababu hazikuwa zimekaa popote pamoja. Na namba ya tiketi isitumiwe tena kamwe, hata kama tiketi ilikuwa ya upuuzi. Ukitafuta kwenye Bugzilla na usipate kitu, mfumo hukuambia umepata "zarro boogs", sifuri iliyoandikwa vibaya kwa makusudi. Ni mzaha wa watengenezaji wenyewe: hakuna anayethubutu kusema kwa uhakika kwamba hitilafu ni sifuri.

Swali la nani aone nini ndilo gumu kwa msimamizi, na hapa historia ina pande mbili. Wa kwanza ni Mozilla wenyewe. Karibu kila kitu chao kiko wazi, isipokuwa hitilafu za usalama, ambazo hufichwa mpaka dawa ipatikane. Septemba 2015 walitangaza kwamba mtu alikuwa ameingia kwenye Bugzilla kwa akaunti ya mtumiaji mwenye ruhusa kubwa, akasoma hitilafu 185 zilizofichwa, na walau moja ikatumika kuwashambulia watumiaji wa Firefox. Aliingiaje? Mwenye akaunti alikuwa ametumia neno la siri lile lile kwenye tovuti nyingine, na tovuti hiyo ikavunjwa. Kwa hiyo wewe msimamizi, hesabu watu wenye ruhusa ya kuona vilivyofichwa. Kama hujui ni wangapi, hiyo ndiyo tiketi yako ya kwanza leo.

Upande wa pili uko hapa hapa kwetu. Machi 2013 nilikuwa bado sekondari, tukifuatilia matokeo ya uchaguzi kwa redio. Kura zilizokataliwa zilikuwa zikipanda kwa namna ya ajabu, zikapita 300,000. Baadaye Tume ya Uchaguzi ilieleza kwamba kosa la programu lilikuwa likizizidisha mara 8. Hesabu ya mkono ilipokamilika zilikuwa 108,975. Sitaki siasa hapa. Nataka tu mtazame kama watengenezaji wa programu: hitilafu iliyoonekana na nchi nzima kwenye skrini, na sisi wananchi tukaipokea kwa maelezo ya mdomo mbele ya waandishi wa habari. Iligunduliwa saa ngapi? Nani alithibitisha kwamba imetoka? Ukificha kila kitu, hata ukirekebisha kwa haki watu watabaki kuuliza.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote hakina uhusiano na kompyuta za ofisini. Kiko Kyuso, jirani zetu, mnapapita mkija kwetu.

Ukanda wetu ni mkavu. Vijiji vingi hutegemea pampu za mkono, hasa zile za Afridev, na pampu ikiharibika akina mama na watoto hurudi kwenye mchanga wa mto au kutembea mbali zaidi. Mnamo 2012 na 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo ndani ya mikono ya pampu zaidi ya 60 za Kyuso. Ndani ya kifaa mna kihisi cha mwendo, aina ile ile iliyo kwenye simu yako inayojua umeigeuza. Kinahesabu mkono umepanda na kushuka mara ngapi, kisha kinatuma hesabu kwa ujumbe mfupi. Pampu iliyokuwa ikitumika tangu alfajiri ikinyamaza ghafla, huko ofisini wanajua, na fundi anatumwa.

Kabla ya hapo, pampu ikiharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Katika majaribio yale siku zilishuka zikawa chini ya 3.

Ukiitazama vizuri, hii ni Bugzilla ya maji. Aliyeripoti ni pampu yenyewe, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuomba ruhusa wala kuogopa kuonekana msumbufu. Na tazama kufunga kunavyofanyika: fundi anaweza kusema ametengeneza, lakini tiketi inathibitishwa pale mkono unapoanza tena kupanda na kushuka. Wanaothibitisha ni wachotaji maji, bila hata kujua. Nilipolielewa hilo nilisimama nikazunguka chumba. Sisi tunalipia mifumo ya kila namna kutafuta jambo hili, na liko Kyuso kwenye mkono wa pampu.

Hata hivyo kifaa nacho kina upofu wake. Mvua ikinyesha watu huchota kwingine, pampu hunyamaza, na kimya hicho hufanana na ubovu. Hapo lazima mtu apige simu aulize, kisha afunge kwa kusema si hitilafu. Na kifaa hakionji maji. Sehemu nyingi za Kitui maji ya chini yana chumvi, na pampu itakayotoa maji yasiyonyweka itaendelea kutuma namba nzuri kabisa. Hapo hakuna wa kuripoti ila mtu mwenye ulimi.

Jambo la mwisho kuhusu pampu: ripoti peke yake haibadilishi mpira uliochakaa. Wakati wa majaribio matengenezo yalikuwa ya bure. Baadaye kazi ile ilizaa FundiFix, inayohudumia Kitui na Kwale, ambako jamii huchangia ada ili fundi awe na vipuri na nauli ya pikipiki. Wenye miradi ya programu wanaoniuliza tuweke Jira au Mantis, mimi huwauliza kwanza: nani analipwa kuisoma kila asubuhi? Kama hakuna, wekeni kaunta buku. Ni rahisi zaidi, na likijaa mnaliona.

Sisi tulianza na kaunta buku kweli. Liko kwa karani, juu ya meza ya mizani, na kila mkulima anaweza kuandika au kuandikiwa mambo matatu: ulifanya nini, ulitarajia nini, uliona nini. Jioni karani hupiga picha ukurasa, mimi nahamishia kwenye tiketi za GitHub na kumrudishia namba, naye anaiandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Mimi na karani hatuna ruhusa ya kuweka alama ya mwisho kwenye daftari. Anaiweka aliyelalamika.

Tiketi namba 1 ni ya koma. Kikundi kilikubali kulipa tofauti kwa wote walioguswa, na mimi nikakatwa sehemu, ni haki. Nilipomwendea mwaitu kumwambia nimeshatengeneza, aliniambia nisubiri. Akaleta gunia, akaangalia mizani, akaandika kwenye daftari lake, akakaa kwenye kigoda na simu mkononi mpaka ujumbe ukaingia. 86.4 na 86.4. Ndipo akaomba ile kalamu nyekundu.

Kwa sasa iliyo wazi ni namba 14, nayo pia ni yake. Anataka ujumbe uje kwa Kikamba. Niliiweka kwenye ngazi ya matamanio, naye akaniuliza nani aliniambia hayo ni matamanio. Nimeipandisha.